Mwendo wa Polepole Kutoka Handeni

Ngombezi, Jumanne, masika ya mwaka 1913

Mvua inanyesha tangu alfajiri na haina dalili ya kuacha. Tumemzika Maganga saa nne asubuhi, katika udongo uliolowa mpaka ukawa unateleza kurudi kaburini kila tulipoutupa nje. Sasa ni alasiri. Nimejibanza kwenye banda la motokaa, maana ndilo paa pekee lisilovuja hapa shambani, na ninaandika leo kwa sababu kesho nitakuwa nimeshaanza kujitetea.

Moyo wangu ni mzito. Sioni sababu ya kuzungukazunguka.

Mimi ni Mhina, Mzigua wa Sindeni, upande wa Handeni. Nilisoma shule ya serikali Tanga, nikajua kusoma na kuandika, halafu fundi mmoja Mgoa akanifundisha mambo ya injini. Bwana wa shamba hili la mkonge, Mdachi kutoka Ujerumani, alipoletewa motokaa yake kwa gari la moshi, alinichukua niwe wa kuiosha na kuitia mafuta. Siku moja chuma cha kuwashia injini kilimrudia kwa nguvu kikamvunja kifundo cha mkono, nami nikawa wa kuiendesha. Mkono wake umepona zamani, lakini akichoka bado huniachia usukani. Kutoka Korogwe mpaka Handeni simjui mtu mweusi mwingine anayeshika usukani, na jambo hilo limenipanda kichwani kuliko nilivyokuwa tayari kukiri kabla ya jana.

Maganga alikuwa Mnyamwezi. Alikuja kwa miguu kutoka kwao pamoja na wenzake kufanya kazi ya mkonge, akawekwa kwenye kusukuma vitoroli vya majani kutoka shambani hadi kiwandani. Alikuwa na mabega ya watu wawili, basi Bwana akawa anamchukua kila safari ili aisukume motokaa ikinasa na kuchota maji ya injini. Mahali pake palikuwa nyuma, juu ya madebe ya mafuta.

Alikuwa mtani wangu. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na sisi wawili hatukuwa wavivu wa kutaniana. Siku ya kwanza alinikuta nimelala chini ya motokaa nikifunga nati, akauliza kwa sauti kubwa, kambi nzima isikie, kama Wazigua siku hizi wanazikwa chini ya magari. Tangu hapo hatukuwahi kusemezana neno la kawaida. Aliniita mke mdogo wa motokaa, kwa jinsi nilivyokuwa nikiifuta kila asubuhi. Mimi nilimwita mzigo. Kila siku mmoja wetu alikuwa maiti na mwingine anagombania vitu vyake, kwa kuwa utani wetu ndivyo ulivyo, kifo ndicho kinachochekwa zaidi.

Jumamosi tulimpeleka Bwana Handeni. Alikuwa na shauri bomani, la kutafuta watu zaidi wa kazi. Alishika usukani mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa amechelewa alikuwa na hasira na kila kitu, na njia, na mawingu, na sisi. Kwenye korongo lililo huku kabla ya kufika Sindeni motokaa ilinasa. Tukashuka, mimi na Maganga, tukasukuma kutoka nyuma. Ilipanda nusu ya ukingo, halafu Bwana akakosea gia, nayo ikarudi chini.

Mimi niliruka pembeni. Maganga alikuwa na kisiki mgongoni, hakuwa na pa kurukia.

Ilimbana tumbo kati ya chuma na kisiki kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mara moja. Kisha Bwana akapata gia, ikapanda, ikatoka. Maganga alikaa chini kwenye tope. Bwana alipiga honi, tena na tena, bila kugeuza shingo. Maganga akainuka, akajipangusa, akasema, "Imenipenda, mtani. Umeona ilivyonikumbatia? Mke mdogo, usinionee wivu." Tukacheka wote wawili, tukapanda. Sikumwuliza juu ya tumbo lake siku ile. Jumapili alishinda amelala kwenye banda la wapagazi karibu na boma, akasema amechoka, nikaamini, maana hata mimi nilikuwa nimechoka.

Jana asubuhi Bwana aligundua kwamba makaratasi ya shauri lake ameyasahau hapa Ngombezi. Akaniambia nirudi na motokaa niyachukue, nimfikie nayo Handeni Jumatano kabla ya magharibi. Yeye atangoja. Kwa hiyo nilipewa motokaa, njia nzima, na siku nzima, bila Mdachi ndani yake. Haijawahi kutokea.

Maganga alikataa uji. Alikuja taratibu, amejishika tumbo kwa mikono miwili, akasema, "Mtani, leo nakufa. Endesha upesi unifikishe kwa daktari."

Daktari wa Kizungu hukaa Korogwe siku chache za juma, na Jumatatu hupanda gari la moshi la saa nane kwenda Tanga. Nilijua hivyo. Kila mtu huku anajua.

Nikamjibu kama mtani anavyojibiwa. Nilimwambia afe mapema basi, shuka lake nalitaka lingali jipya. Akacheka, akaegemea mlango wa gari kwa muda. Nikamwambia leo apande mbele, kwenye kiti cha Bwana, maana maiti ana heshima yake. Akapanda. Ilimchukua muda kupanda, na mimi nilikuwa nimeshageukia injini.

Sasa lazima niandike kile ambacho jana nilikuwa nataka kukiandika kama jambo la furaha. Nilikuwa hata nimekipanga kichwani njiani. Nisipokiandika, haya mengine yatasomeka kama nilikuwa na shughuli au nilikuwa na hofu. Sikuwa na shughuli wala hofu. Nilikuwa na raha, raha kubwa ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe.

Bwana anapenda mbio. Akishika usukani tu motokaa nzima huanza kutetemeka, vioo, taa, viti, kila kitu. Watu wanaoiona ikipita husema hiyo ndiyo raha yake, kwenda upesi. Mimi niliyekaa mle ndani nasema si kweli. Kwenye mbio unashikilia kitu usianguke, unafumba macho vumbi lisiingie, unamwomba Mungu. Huendeshi hapo, unachukuliwa tu. Ukifika unakuwa umefika, basi, na kiuno kinauma.

Jana njia ilikuwa imepata mvua kidogo na vumbi limelala. Nikaiacha iende mwendo wa baiskeli ya mtu asiye na haraka. Na hapo nikaona kwamba miaka yote hii sijawahi kuiendesha.

Magurudumu yake ni membamba. Ukienda taratibu, kila kijiwe kinapanda kupitia usukani mpaka viganjani. Nilijua mchanga umeanza kabla sijauona, usukani ukawa mwepesi, ukataka kuteleza, nikaushika kwa vidole tu na ukatulia. Kwenye kona ya kwanza baada ya vibanda vya mwisho vya Handeni nilipunguza, nikageuza kidogo, nayo ikageuka yote pamoja, mbele na nyuma, bila kusita. Bwana huipeleka kona ile mpaka inalia. Sikujua kwamba inaweza kupita pale kwa ukimya namna ile.

Halafu gia. Bwana husaga kila anapobadilisha, ungedhani kuna mtu anatafuna mawe chini ya sakafu. Mimi nilisikiliza injini ikishuka sauti, nikangoja, nikasukuma fimbo, ikaingia yenyewe. Nilicheka peke yangu. Kwenye mteremko uliofuata nikabadilisha tena bila haja yoyote, kwa kutaka tu kuisikia ikiingia. Kisha nikaiacha ishuke bila kugusa breki, injini ikiishikilia, na upepo ukawa wa kunipoza tu, si wa kunipiga. Ngozi ya viti ilikuwa imeanza kupata joto la jua ikanukia. Hata harufu hiyo sikuwahi kuipata, maana kwenye mbio hakuna harufu ila ya mafuta.

Na watu pia. Bwana akipita, watu hurukia majanini na watoto hulia. Jana nilimwona bibi mmoja mbele yangu na mzigo wa kuni kichwani. Nikampungia mkono asitoke njiani, nikampita pembeni taratibu, nikamwamkia shikamoo nikiwa kwenye usukani. Akaitikia marahaba, akauliza habari za nilikotoka, nikamjibu, akauliza za niendako, nikamjibu, ndipo nikampita. Nilijiona ninatembea miongoni mwa watu, ila nimekaa.

Nadhani raha yote ilikuwa hiyo. Kwa mwendo ule chombo kilikuwa kinanitosha mimi, nami nakitosha. Nilitumia kila kitu kilichomo ndani yake na sikuogopa hata kimoja.

Na kando yangu, kwenye kiti cha Bwana, kulikuwa na mtu anayekufa.

"Mtani," alisema, "motokaa hii inakwenda Korogwe au inatafuta kuni?"

Nilimwambia maiti haina haraka.

"Nakufa, wewe unaamkia vibibi."

"Na wewe ukifa nitakuamkia," nikamwambia.

Akacheka, na kicheko kikamkatika katikati, akainama mpaka kipaji cha uso kikagusa mbao za mbele. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa jasho. Asubuhi bado ilikuwa na ubaridi, mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa koti. Niliona lile jasho. Naandika hapa kwamba nililiona. Nikasema moyoni, huyu Mnyamwezi anajua kuigiza.

Mbele kidogo tulikuta wanaume wa vijiji wakitengeneza njia kwa amri ya boma, na askari amesimama juu ya ukingo na kiboko chake. Walisogea pembeni, wakasimama wametazama chini. Mmoja wao namjua, tulichunga mbuzi pamoja tulipokuwa wadogo. Hakuinua macho. Na mimi nilikuwa nafikiri nini? Nilikuwa nafikiri jinsi udongo walioushindilia ulivyo laini chini ya magurudumu. Maganga aliwatazama mpaka tulipowapita, akasema polepole, "Hao nao watakufa kabla hatujafika." Nikacheka kwa hilo pia.

Sindeni nilisimama kwa mama yangu. Hapakuwa na haja ya kusimama. Nilitaka anione.

Mama hakuwahi kuniona nikiendesha. Alitoka na unga mikononi, akaizunguka motokaa akiigusa kwa ncha za vidole, majirani wakajaa uani. Nilimpandisha, nikamzungusha kijiji kizima kwa mwendo uleule wa taratibu, akawa anawaita watu kwa majina yao waje wamtazame. Kisha dada yake akataka. Kisha mke wa jirani, na mzee mmoja asiyeona vizuri aliyetaka asikie tu inavyokwenda. Nikawazungusha wote. Maganga nilikuwa nimemshusha akakaa chini ya ukuta wa nyumba.

Mama alimletea muhogo wa kuchemsha. Alipoukataa, mama akamwambia, "Wewe Mnyamwezi, unadhani nimekutilia sumu?"

"Mama, mimi nimekwisha kufa," akasema. "Maiti haili."

"Basi usifie hapa kwangu. Sina wa kukubeba na uzito wako huo."

Majirani wakacheka, mama akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Ni mwanamke mwenye huruma. Mtu mwingine yeyote angekaa chini ya ukuta ule na sura ile, mama angemlaza ndani na kumkanda kwa maji ya moto. Lakini huyu alikuwa mtani, na mtani akisema amekufa haulizwi ameumia wapi. Huo ndio msiba wenyewe, kwamba mimi na mama na uani kote hatukukosa upendo. Tulimpenda, ndiyo maana tukamcheka.

Jua lilikuwa limepanda sana tulipoondoka Sindeni. Maganga hakusema kitu muda mrefu, na mimi nikaona ukimya wake ni wa mtu anayefurahia safari. Hata nilimweleza mambo ya gia, nikamwambia asikilize, sikia inavyoingia. Akasema, "Nasikia, mtani."

Tulipofika kwenye kile kijito cha mwisho kabla ya tambarare za Korogwe nilisimama kutia maji. Nikampa debe akachote. Mimi nampa debe mtu yule! Alilichukua. Nikaanza kufuta tope kwenye taa. Nilizifuta zote mbili, nikafuta na vishikio vya milango, ndipo nikakumbuka kwamba hajarudi.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye ukingo, mikono ndani ya maji, debe limechukuliwa na mkondo. Kwenye majani mbele yake kulikuwa na damu, nyingi, nyeusi. Nikamshika tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao.

Akageuza uso akaniambia, "Mhina."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Sikujua hata kama analijua.

"Mhina, nilikuwa nakuambia kweli."

Kuanzia hapo niliendesha kama Bwana. Nilimbeba mgongoni nikamlaza kiti cha nyuma, nikasukuma kila kitu mpaka mwisho. Sikusikiliza injini wala kuangalia mashimo. Motokaa iliruka, ikapiga chini, ikaruka, na kila ilipopiga chini alitoa sauti ambayo sitaiandika. Nilikuwa napiga kelele, namwambia tunafika, tunafika. Naye nyuma pale akawa ananiomba.

"Polepole, Mhina. Sasa polepole. Unanipasua."

Nifanye nini? Nikipunguza, nachelewa. Nikikaza, namuua kwa mikono yangu. Nilipunguza, nikasikia anavuta pumzi, nikakaza tena, akalia tena. Tulifika daraja la mto wa Korogwe hivyo hivyo, mara hivi mara vile. Tukiwa juu ya daraja nikasikia filimbi ya gari la moshi kutoka stesheni, ndefu, kisha fupi.

Tulipofika kwa daktari, moshi ulikuwa bado uko juu ya miti ya Manundu, upande wa stesheni. Daktari alikuwa amekwenda nalo. Msaidizi wake, mtu mpole, alimfunua Maganga, akamgusa mahali pawili, akamfunika tena. Akampa dawa ya kutuliza maumivu. Akaniuliza lini imetokea, nikamwambia Jumamosi. Akaniuliza leo tumetoka Handeni saa ngapi, nikamwambia saa moja asubuhi. Akatazama motokaa nje, akanitazama mimi.

Sijui kama daktari angeweza kumponya. Msaidizi alisema labda angemfungua tumbo, labda angekufa mezani. Hiyo labda ndiyo niliyobaki nayo. Ingekuwa hakika, upande wowote, ningejua nisimame wapi.

Maganga akasema anataka kurudi Ngombezi, kwa wenzake. Nikamleta. Safari hii nilikwenda polepole kabisa, polepole kuliko asubuhi, nikikwepa kila jiwe, nikishika usukani kwa ncha za vidole. Mikono yangu ilikuwa inajua kazi hiyo vizuri sana sasa. Niliona nachukia jinsi inavyoijua.

Alikufa kabla jua halijazama, kambini kwao, kichwa chake mapajani kwa mzee Kasanda, mkubwa wa Wanyamwezi wa hapa. Nilikuwa nimekaa miguuni. Karibu na mwisho alifumbua macho akanitafuta, akanipata.

"Ile ya asubuhi," akasema, "ilikuwa safari nzuri, mtani."

Alinirudishia neno hilo, mtani. Na kauli yake nimeishika tangu jana, naigeuza huku na huku. Labda ilikuwa kweli, labda katika maumivu yale aliona njia na akasikia gia ikiingia na akafurahi kidogo. Labda alinihurumia. Au labda alikuwa ananitania, utani mkali kuliko yote aliyowahi kunifanyia. Aliyeweza kuniambia ni lipi kati ya hayo hayupo.

Leo asubuhi tukamzika. Kazi ya kaburi ni ya watani, kwa hiyo tulichimba sisi Wazigua tunaofanya kazi hapa, na mimi nikiwa mtani wake wa karibu ilikuwa juu yangu kuingia kaburini na kukataa kutoka. Ndivyo inavyofanywa. Mtani huingia, humtukana marehemu, humwigiza alivyokuwa akitembea na kula, huzuia maziko mpaka wenye msiba wacheke na kumtupia kitu cha kumtoa. Watu walio mbali na kwao, wasio na mama wala mke wa kuwalilia hapa, utani huo ndio wanaoupata badala ya kilio. Wanyamwezi wote walikuwa wamezunguka kwenye mvua wakinisubiri. Nyuso zao zilikuwa zimechoka. Mnyapara alikuwa amewapa saa moja tu.

Niliingia. Maji yalikuwa yamefika vifundo vya miguu. Nikasimama mle, na sikupata utani hata mmoja. Nikaona bora niseme kweli.

Nikasema, "Huyu mtu nimemuua mimi."

Wakacheka.

Nikasema, "Aliniambia anakufa, nikaendesha polepole. Nilikuwa naamkia vibibi!" Wakacheka zaidi, wengine wakapiga makofi. Nikawaambia nilimweka chini ya ukuta, nikawazungusha majirani mmoja mmoja, mpaka mzee asiyeona. Nikawaambia nilimpa debe achote maji, mimi nikafuta taa. Nilipiga kelele kwamba sitanii, Wallahi sitanii, nikapiga kifua kwa ngumi zenye tope, machozi yakanitoka na kamasi, na watu walikuwa wanashikana mabega wasianguke kwa kicheko. Mmoja akasema, "Mtazame anavyolia! Mzigua huyu hodari!" Wanaume ambao tangu jana hawakufumbua mdomo walikuwa wanacheka mpaka wanajifuta macho, na najua kicheko hicho kiliwasaidia, nilikiona kikiwasaidia.

Wakanitupia tumbaku ili nitoke. Sikutoka. Wakanitupia nyingine, wakidhani nataka zaidi. Mwishowe mzee Kasanda alinyoosha mkono wake mwenyewe akanivuta juu.

"Umemuaga vizuri, mtani," akaniambia. "Hapa kambini hakuna aliyepata kuagwa hivi."

Nilimshika mkono, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, ni kweli yote." Akanipiga bega, akacheka tena, akaenda kushika upande wake wa maiti.

Makaratasi ya Bwana yako hapa kando yangu, nimeyafunga kwa ngozi yasilowe. Kesho alfajiri nayapeleka Handeni. Mnyapara ameshanichagulia mtu wa kusukuma mahali pa Maganga, Mnyamwezi mwingine, mnene, anaitwa Shija. Alikuja hapa bandani mchana huu kuiona motokaa. Aliizunguka, akabonyeza kiti cha nyuma kwa kiganja, akashika mbavu zake akakunja uso.

"Mtani," akaniambia, "kesho usiniue kama mwenzangu. Tayari naumwa."

Alikuwa anacheka. Nadhani alikuwa anacheka. Nilimtazama muda mrefu mpaka akaacha kucheka, na bado sijamjibu.